Mdeni si mtumwa wako: dhana potofu kuhusu deni na rehani katika Biblia

Likizuka shauri la deni kati ya waumini wawili, haipiti muda mkopeshaji atafungua Mithali 22:7 na kusoma kwa sauti: "Tajiri humtawala maskini, naye akopaye ni mtumwa wake akopeshaye." Akishasoma hufunga Biblia, kana kwamba hukumu imeshatoka. Mdeni huinamisha kichwa. Wazee hunyamaza. Hakuna mstari unaotumika vibaya kuliko huu katika mambo ya madeni, na umefika wakati usomwe vizuri.

Mstari huo unaeleza hali ilivyo, hautoi ruhusa. Angalia nusu yake ya kwanza: tajiri humtawala maskini. Hakuna mhubiri anayeigeuza kuwa amri, kwamba matajiri na wawatawale maskini. Basi nusu ya pili inageukaje kuwa haki ya mkopeshaji? Mithali inamwonya anayetaka kukopa aone mapema atakakoingia. Na anayeshikilia mstari wa 7 asome hadi wa 22 na 23 wa sura hiyo hiyo: usimnyang'anye maskini kwa sababu ni maskini, maana Bwana atawatetea na kuwateka uhai waliowateka.

Ukitafuta amri zenyewe zipo Kutoka 22:25-27, Walawi 25, na Kumbukumbu la Torati 15, 23 na 24. Soma uone zinaambiwa nani. Karibu zote zinamwambia mkopeshaji: usitoze, usiingie, usitwae, rudisha, achilia. Hata yule aliyefilisika akajiuza kwa nduguye, Walawi 25:39-43 inakataza asitumikishwe kama mtumwa. Awe kama mwajiriwa, wala asitawaliwe kwa ukali. Kumbukumbu 15:12-14 inaongeza kwamba akitoka mwaka wa saba asiende mikono mitupu, bali apewe kondoo, nafaka na divai. Yaani kile kitu ambacho mkopeshaji anadai Mithali inampa, Torati imekikataza waziwazi.

Ndipo tunafika kwenye rehani, mahali palipoharibika zaidi. Wengi huamini kwamba kitu kikishawekwa rehani, mkopeshaji anaweza kuchagua anachotaka, kukichukua apendavyo na kukikalia apendavyo. Torati imeweka mipaka katika kila hatua.

Kuhusu kitu chenyewe, Kumbukumbu 24:6 inakataza kutwaa jiwe la kusagia, la chini wala la juu, "kwa maana atwaa maisha ya mtu kuwa rehani." Kinu cha mkono kilikuwa mawe mawili, na la juu ndilo jepesi kubeba. Ukiondoka nalo peke yake, la chini halisagi kitu na nyumba hiyo haipati mkate. Thamani yake kwako ni ndogo, lakini hasara yake kwao ni chakula cha kila siku. Kwa kipimo hicho, cherehani ya fundi, jembe la mkulima, pikipiki ya anayebeba abiria na kadi ya benki inayopokea mshahara havifai kuwa rehani. Na tuache imani kando kidogo tuulize swali la hesabu: ukimnyang'anya fundi cherehani, atakulipa kwa kufanya nini?

Kuhusu namna ya kuchukua, mistari ya 10 na 11 inasema usiingie nyumbani mwake. Simama nje, naye akuletee. Kanuni hii inamwachia mdeni achague atoe nini, na inamkinga asidhalilishwe mbele ya mkewe na watoto. Mkopeshaji anayeingia ndani hupekua, na jicho lake hutua kwenye kitu cha thamani kuliko deni. Wanaomwanika mdeni kwenye kundi la WhatsApp, wanaompigia simu mwajiri wake, wanaokwenda kwa wakwe zake, wote wameshavuka kizingiti hicho.

Kuhusu muda, kama mdeni ni maskini na alichoweka ni vazi la kujifunikia, kirudi kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo blanketi lake. Hapa wengi huuliza: sasa rehani ya kurudishwa kila jioni ina faida gani? Faida yake ni ukumbusho na ushahidi kwamba deni lipo. Kamwe haikukusudiwa kuwa njia ya kupata mali. Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya sheria ya Kiyahudi uliokamilishwa karibu mwaka 200 BK, iliendeleza wazo hilo: mto wa kulalia urudishwe usiku, plau irudishwe mchana. Vazi la mjane halitwaliwi rehani kabisa, Kumbukumbu 24:17.

Sheria hii haikuelea hewani. Mwaka 1960 wachimbaji wa mambo ya kale walipata Mesad Hashavyahu, ngome iliyo pwani kusini mwa Yafa, kigae chenye barua ya Kiebrania ya karne ya 7 KK. Mvunaji anamlilia ofisa kwamba Hoshayahu amemtwalia vazi ilhali kazi yake ya kuvuna ameimaliza, naye anaomba arudishiwe. Amosi 2:8 inawashutumu watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Walikuwa kwenye ibada, wamelalia blanketi za wadeni wao.

Nehemia 5 ndiyo sura ambayo kila mkopeshaji aliyeokoka angepaswa kuijua. Njaa na kodi ya mfalme viliwafanya Wayahudi waweke rehani mashamba, mizabibu na nyumba, na watoto wao wakaanza kuingia utumwani. Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda, hakuwahubiria wadeni juu ya uvivu. Aliwakusanya wakuu, akataka mashamba na nyumba virudishwe "leo hivi", pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakitoza. Sehemu hiyo hufasiriwa kwa kawaida kuwa ya kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Kisha akawaapisha mbele ya makuhani, maana ahadi ya mdomo haikumtosha. Naye pia alikuwa mkopeshaji. Mstari wa 10 unasema hivyo.

Ushauri wangu hapa ni mmoja na nitaurudia bila kuchoka: andikeni. Yeremia 32 inaonyesha jinsi ya kufanya. Aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, kulikuwa na hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, kulikuwa na mashahidi, na zote zikawekwa katika chombo cha udongo zidumu. Katika mkopo, kila upande ubaki na nakala. Iandikwe kiasi, tarehe za kulipa, rehani ni nini na itarudi lini, na kila malipo yapewe risiti siku hiyo hiyo. Magomvi mengi ya madeni kanisani chanzo chake si ukatili, ni kwamba kila mmoja anakumbuka kiasi tofauti.

Zipo dhana nyingine potofu zinazosikika mara kwa mara, nami nazijibu moja moja.

"Warumi 13:8 inakataza kukopa."

Haikatazi. Mstari wa 7 unazungumzia kodi, ushuru na heshima: mpe kila mtu haki yake. Wa 8 unaendeleza hapo, usibaki na haki ya mtu. Kama kukopa kungekuwa dhambi, Yesu asingesema katika Mathayo 5:42 usimpe kisogo atakaye kukopa kwako.

"Mwaka wa saba deni linafutika, kwa hiyo nisubiri tu."

Huu ndio upande wa pili wa uonevu, na wadeni wasijifiche nyuma yake. Maachilio ya Kumbukumbu 15 yalikuwa mwaka maalumu wa taifa zima, si miaka saba tangu siku uliyokopa. Zaburi 37:21 inamwita asiye haki yule anayekopa wala halipi. Mishna inasimulia kwamba watu walipoanza kuogopa kukopesha mwaka huo ukikaribia, Hilleli, mwalimu mkuu wa Wayahudi, aliweka utaratibu wa deni kukabidhiwa mahakama ili lisifutike. Na inasema wenye hekima hupendezwa na anayelipa hata baada ya maachilio. Yubile nayo, ya mwaka wa 50, ilirudisha ardhi na watu kwa jamaa zao. Ndiyo maana bei ya shamba ilihesabiwa kwa idadi ya mavuno yaliyobaki kabla ya Yubile.

"Nikiiita ada, si riba."

Kumbukumbu 23:19 inataja riba ya fedha, ya vyakula na ya kitu chochote kikopeshwacho. Jina jipya halibadili kitu. Kutoka na Walawi zinamtaja maskini kwa jina, na hapo hakuna mjadala: anayekopa ili ale, asitozwe. Mgeni aliruhusiwa kutozwa, kwa hiyo mkopo wa biashara ni suala jingine ambalo Wakristo hutofautiana. Mathayo 25:27, ambapo bwana wa mfano anamwambia mtumwa wake angeweka fedha kwa watoao riba, haimhusu ndugu mwenye njaa hata kidogo.

"Yesu alikubali mdeni afungwe."

Katika Mathayo 18 aliyemfunga mwenzake kwa dinari 100 ndiye anayehukumiwa, naye alikuwa amesamehewa talanta 10,000. Dinari ilikuwa ujira wa siku, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Torati haina adhabu ya kumfunga mdeni popote.

"Kumdhamini ndugu ni imani."

Mithali 6:1-5 inamwambia mdhamini asilale usingizi kabla hajaenda kumsihi mwenzake amfungulie, na 22:27 inaonya kwamba kitanda kitachukuliwa chini yake. Kabla ya kutia sahihi jiulize kama unaweza kulipa deni lote, peke yako, kesho. Kama huwezi, kataa, umpe ndugu yako kile ulicho nacho. Paulo alipomdhamini Onesimo kwa bwana wake Filemoni aliandika kwa mkono wake mwenyewe, "mimi nitalipa", na hakumwahidi Filemoni kwamba Onesimo atalipa.