Kabla ya PET, nionyeshe kwapa

Mgonjwa akishaambiwa ana saratani ya titi, mara nyingi huniuliza kwa nini asipelekwe moja kwa moja PET-CT, picha ya mwili mzima, ili kila kitu kionekane. Hofu yake naielewa. Ila kwa tezi za limfu za kwapani, mashine kubwa zaidi siyo inayoona zaidi.

Mimi ni daktari wa radiolojia, na kwapa naanza nalo kwa ultrasaundi. Tezi yenye afya ina umbo la harage: nje kuna ganda jembamba jeusi, katikati mafuta meupe yanayong'aa. Seli za saratani zikiletwa na limfu, majimaji yanayopita kwenye tezi hizi, hutua kwanza kwenye ganda, kwa hiyo ukubwa wa tezi peke yake haunisumbui. Kuna tezi ya sentimita 2 iliyojaa mafuta na haina neno, na kuna ndogo yenye ganda lililovimba upande mmoja ambayo siiachi ipite. Ganda likizidi milimita 3, au mafuta ya katikati yakitoweka na tezi ikawa mviringo, napiga ganzi na kupitisha sindano huku nikiiangalia kwenye skrini mpaka izame kwenye sehemu ile nene. Kinyama kinaenda patholojia. Hiyo ndiyo nguvu ya ultrasaundi: shaka na jibu vinapatikana kitandani palepale.

MRI, picha inayotumia sumaku, huagizwa hasa kwa ajili ya titi lenyewe, lakini inaonyesha makwapa yote mawili kwa pamoja, pamoja na tezi za kando ya mfupa wa kidari ambazo ultrasaundi huzifikia kwa tabu. Mamografia, yaani eksirei ya titi, huishia sehemu ya chini ya kwapa.

PET-CT hutumia sukari yenye mionzi. Seli zinazoila kwa wingi huwaka. Tezi ikiwaka naichukulia kwa uzito, ila isipowaka sitangazi usalama. Vikundi vya seli visivyozidi milimita 2 ni vidogo mno kwake, na saratani ya aina ya lobula, ile ya vitezi vya maziwa, mara nyingi haivuti sukari sana. Chanjo ya begani nayo huwasha tezi zisizo na saratani, kama tulivyoona sana wakati wa chanjo za UVIKO-19. Tafadhali taja ulichanjwa lini na mkono upi. Mahali hasa pa PET-CT ni ugonjwa uliokwishakua, tunapotafuta tezi za juu ya mtulinga, mifupa au ini.

Matokeo ya utafiti wa SOUND, yaliyotoka 2023, yamenigusa sana. Wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 2 na kwapa safi kwenye ultrasaundi waligawanywa: wengine walitolewa tezi ya kwanza inayopokea limfu ya titi, wengine wakaachwa. Kati ya waliotolewa, takriban asilimia 14 walikutwa na saratani ambayo picha haikuiona. Hata hivyo, baada ya miaka 5 makundi hayo mawili yalikuwa karibu sawa kabisa kwa kusambaa mbali kwa ugonjwa. Kwa mwanamke wa aina hiyo, kuepushwa upasuaji wa kwapa ni kupunguziwa hatari ya mkono kuvimba na kuuma.

Hayo hayamhusu mwenye uvimbe mkubwa au tezi inayopapaswa kwa vidole. Na yanategemea kwapa kuangaliwa kwelikweli. Ripoti yako ikitaja titi tu, rudi uulize kwapa lilionekanaje na ganda la tezi lina milimita ngapi.