Amoxi inafanyaka nini ndani ya mwili

Huku Goma amoxi, ni kusema dawa ya amoksisilini, iko kila fasi. Pita Birere utaona mutu anakohoa, anauziwa jelile (vidonge) tatu nyekundu na manjano, zimekunjwa ndani ya kipande ya karatasi, anaenda. Inaniumizaka sana kuona vile, njo maana nataka tuelewane hii dawa inapiga wapi.

Amoksisilini ni ya famili ya penisilini, ile Fleming aligundua London mwaka 1928 kutoka kwa ukungu. Dawa za hii famili zinapiga ukuta wa bakteria. Angalia kuta za parsele zetu, mawe ya volkano juu ya mawe, simenti katikati. Bakteria nayo iko na ukuta yake, na kila mara inakomaa na kujigawanya lazima ijenge tena. Amoxi inakamata bale mafundi ba kutia simenti, basi mawe yanabaki yamepangwa bure bila kushikana, na juu ndani ya bakteria kuko presha kali na maji yanazidi kuingia, ukuta unaachia, bakteria inapasuka. Seli zetu sisi hazina huo ukuta, njo maana dawa inaua bakteria na sisi inatuacha.

Sasa gripe (mafua) ni virusi, haina ukuta wa kubomoa. Palu (malaria) ni parasiti, nayo hapana. Unaweza kumaliza boksi nzima, bure tu.

Na ile kunywa kila masaa 8? Figo zinatoa amoxi mbio sana, kila saa moja hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, kwa hiyo ukiruka dozi bale mafundi banarudia kazi. Kuko pia bakteria zenye kutoa anzime ya kukata dawa mbele ifike kwenye ukuta, njo dokta anaandikaka amoxi yenye kuchanganywa na asidi klavulaniki, inaziba hiyo anzime.

Siro ya mutoto inakuja poda ndani ya chupa: tia maji ya kuchemsha yenye imepoa mpaka kwenye alama, tikisa, na utikise tena kila mara mbele ya kupima. Kipimo kinafuata kilo za mutoto, si kijiko ya jirani.

Na kama penisilini iliwahi kukutoa vipele ao kukuvimbisha uso, sema mapema mbele dokta aandike, juu penisilini, ampisilini na amoxi ni ndugu wa nyumba moja.