Nyufa nyembamba kwenye lipu: yanayosemwa na yalivyo

Gereji imegeuzwa chumba cha kulala, rangi imekauka, na miezi michache baadaye ukutani umejitokeza mstari mwembamba kama unywele. Hapo kila anayeingia ana lake la kusema.

"Nyumba inabomoka hiyo." Si lazima. Nyufa zisizofika milimita 1, hasa zile zinazotambaa ovyo kama utando wa buibui, kwa kawaida ni lipu yenyewe inayosinyaa maji yanapoitoka. Wa kutilia shaka ni ufa unaozidi kupanuka, uliopita milimita 5, au unaokata ukuta mshazari na kutokea upande wa pili. Huo mwite mhandisi, si mpaka rangi.

"Fundi alibania saruji." Mara nyingi ni kinyume. Mchanganyiko wenye saruji nyingi kupita kiasi husinyaa zaidi, hivyo hupasuka zaidi. Na hata vipimo vikiwa sawa, lipu ya saruji iliyoachiwa jua na upepo bila kumwagiliwa maji siku za mwanzo itapasuka tu. (Ya jipsamu haimwagiliwi, tusichanganye mambo.)

"Ziba leo leo." Wengi huponzwa hapa, nami nimo. Niliziba ufa wiki ya pili baada ya kuhamia. Ukarudi palepale, safari hii na maganda ya rangi kando yake. Chumba kipya bado kinakauka, na kuta zake bado zinazoea joto na unyevu wa watu wanaolala humo. Weka alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe, kisha uwe na subira. Ukipita miezi kadhaa bila kurefuka wala kupanuka, endelea na kazi.

"Rangi nzito mikono miwili, hauonekani tena." Utaonekana. Panua ufa kwanza kwa ncha ya kikwangulio upate kijifereji, ndipo pati (ule uji mzito wa kuzibia) ipate pa kushika. Toa vumbi lote, lowesha kidogo kwa brashi, kisha kandamiza pati ukiukatiza ufa badala ya kuufuata. Iache ijae kupita usawa wa ukuta kidogo, maana nayo husinyaa. Ikikauka piga msasa. Usiruke praima, ile rangi ya chini inayotangulia: pati tupu hunywa rangi na kuacha baka.

"Pati ngumu zaidi ndiyo dawa." Kwenye ukuta wa kawaida, sawa. Lakini pale mlango wa gereji ulipozibwa kwa matofali, mapya na ya zamani hayatanuki wala kusinyaa kwa kiasi kimoja, na chochote kigumu kati yao kitakatika. Bandika tepu ya wavu juu ya kiungo kabla ya kupiga pati. Ukuta unapokutana na dari, tumia kizibio cha akriliki kinachonyumbulika. Silikoni ya bafuni usiithubutu hapo, rangi haishiki juu yake.