Gome la banzi lina kazi kabla ya kuwa kuni

Kwenye viwanja vya mbao vya Buguruni na Keko, Dar es Salaam, mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo vyenye gome, huishia kuwa kuni. Mimi ni mkemia wa mazao ya misitu, na hainiingii akilini tuchome gome kabla hatujalikamua. Ndani yake mna tanini, ile ile inayokaza ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini hushikana na protini. Ndiyo maana ngozi mbichi ikilowekwa humo haiozi tena, inafaa kushonwa viatu.

Miti haifanani. Gome kavu la muwati, mti unaolimwa Njombe, hutoa tanini kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake. Paina ina tanini pungufu, na maji yaliyolowekewa gome lake huchanganyika na sukari nyingi, lakini inapatikana kwa wingi na tayari imeshakatwa.

Wengi huniuliza kuhusu mitambo. Mimi huanza na mvua. Gome lililorundikwa nje wakati wa masika huota ukungu, na ukungu hula kile unachokitafuta. Libandue mapema, lianike kivulini penye upepo, kisha litwange lifikie ukubwa wa punje za mahindi. Loweka kwenye maji ya nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Ukilichemsha kwa nguvu kwa saa nyingi, molekuli za tanini huungana zikawa mashapo mekundu yasiyoyeyuka. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu tanini ikikutana na chuma cha kawaida hugeuka nyeusi kama wino. Maji ya kwanza yakishatoka, yamwagie gome jipya badala ya kutumia maji matupu. Hivyo yanakolea bila kuongeza moto.

Hapo kwenye weusi ndipo watu hujidanganya. Wanadondoshea chumvi ya chuma, maji yanageuka meusi, wanashangilia. Kipimo hicho huitikia fenoli za aina nyingi, yaani kundi la kemikali ambamo tanini nayo imo, hata zisizoweza kutengeneza ngozi. Badala yake chukua jelatini, ambayo ni protini, iyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, ichanganye na maji ya gome yaliyochujwa. Yakiganda mabonge, una tanini inayoshika protini. Yakibaki vilevile, usimpelekee fundi wa ngozi.

Naomba jambo moja kwa msisitizo: tusibandue miti iliyo hai. Mikandaa, jamii ya mikoko ya pwani yetu, ina gome zuri kwa rangi na ngozi, lakini mti ukivuliwa gome kuzunguka shina, chakula kutoka majani hakifiki mizizini, nao hufa. Mabanzi yanatosha kuanzia.

Tanini ya muwati pia hutengeneza gundi ya mbao za kubandikwa, kama plaiwudi. Afrika Kusini viwanda vinaitumia kwa miongo kadhaa sasa. Kwa fundi mdogo wa hapa Dar, ningeanza na ngozi. Na gome lililokamuliwa? Lianike tena, bado linawaka.