Kaseti Haijafa, Redio Ndiyo Mgonjwa

Kaseti yenyewe ni ya dakika 60, ya kijivu, juu yake pameandikwa kwa wino wa bluu: "Maskati, kwa wote". Miaka ile kupiga simu kulikuwa gharama, jamaa waliokwenda Uarabuni walituma barua za sauti. Mtu anakaa na redio kaseti, anabonyeza kitufe chekundu, anawasalimu wa nyumbani mmoja mmoja kwa jina, kisha kanda anapewa msafiri. Nilipoichomeka hii ya marehemu mjomba, alisikika kama anaongea ndani ya blanketi. Nyumba nzima ikatoa hukumu: kanda imekwisha hiyo.

Hiyo ndiyo dhana yenye hasara kuliko zote, maana ikishatamkwa, kinachofuata ni pipa la taka. Kanda nyingi za miaka ya sabini na themanini bado zinasoma vizuri kama hazikukaa juani wala kwenye unyevu. Kinachochoka mapema ni mashine.

Nikaipeleka kwa fundi redio. Hakuigusa kaseti. Alichukua bisibisi ndogo, akafungua kifuniko, akatafuta skrubu iliyo ubavuni mwa hedi, kile kichwa kinachosoma utepe; skrubu ile yenye springi. Akaizungusha taratibu huku kanda inacheza. Haikufika hata robo mzunguko, mjomba akatoka kwenye blanketi. "S" na "sh" zikarudi. Nyuma yake tukasikia kijiko kinakoroga chai.

Sababu yake ni hii. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na hupita kwa mwendo wa sentimita 4.76 tu kwa sekunde. Katika mwendo mdogo namna hiyo, hedi inayosoma ikiinama kidogo tofauti na ile iliyorekodi, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, nene zinabaki. Na kwa kuwa kila redio ya nyumbani ilikuwa na mwinamo wake, kaseti kumi zilizorekodiwa nyumba kumi zinaweza kudai skrubu iguswe mara kumi. Unageuza huku unasikiliza, unaacha pale sauti inapong'aa.

Wakati mwingine ugonjwa ni kile kipande kidogo cha manyoya kinachousukuma utepe kwenye hedi: kimebanduka. Au ganda limepinda. Ganda lenye skrubu hufunguliwa, utepe ukahamishiwa ganda jingine zima. Utepe uliokatika huungwa kwa utepe maalumu wa kuungia kanda, kamwe si selotepu ya dukani, kwa sababu gundi yake huchuruzika na kunata kwenye mizunguko ya jirani. Na ile kalamu ya Bic tuliyozungushia kanda utotoni bado ni kifaa halali cha kazi. Utepe uliolegea ukazwe kwanza kabla haujaingizwa popote.

"Kompyuta itasafisha." Nasikia hili karibu kila wiki. Programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, ina uwezo mkubwa, lakini sauti ambayo hedi haikuisoma haiwezi kurudishwa na kompyuta. Tena ukikazana kuondoa ule mvumo wa "shhh", mwimbaji ataanza kusikika kama yuko ndani ya bomba la maji. Mimi huondoa kidogo sana, au siondoi kabisa. Baada ya dakika moja sikio huuzoea. Anza kwa kufuta hedi na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba, hedi kwa spiriti ya isopropili. Kisha rekodi kwenye kompyuta, na nakala ya kwanza isiyoguswa iwekwe kando kama ilivyo.

Kuweka simu mbele ya spika? Utapata kaseti, na jogoo wa jirani, na mwangwi wa sebule. Tumia waya. Kompyuta mpakato nyingi zina tundu la maikrofoni tu, kwa hiyo tafuta kidubwasha cha USB chenye tundu la kuingizia sauti. Na usitarajie kunakili kama flashi: dakika 60 za kaseti ni dakika 60 za kukaa.

Kwenye santuri watu wanadhani sindano ni sindano. Siyo. Mfereji wa santuri ya mizunguko 33 au 45 kwa dakika unahitaji ncha ya kama maikroni 18. Zile nzito za mizunguko 78 zinataka ncha kubwa mara nne hivi, takriban maikroni 75. Sindano ndogo kwenye mfereji mpana huburuza chini na kuzoa vumbi tupu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye santuri za namna hii, na hapo kuna mtego mwingine: si za vinili bali za sheleki, utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, na spiriti inayeyusha sheleki. Spiriti ile ile inayoisafisha hedi yako vizuri itaiharibu santuri ya bibi papo hapo.

Anayeunganisha mashine ya santuri moja kwa moja na kompyuta hupata sauti nyembamba isiyo na besi, akalaumu santuri. Sindano ya sumaku hutoa milivolti chache tu, na besi ilipunguzwa kwa makusudi wakati wa kukata santuri ili mifereji isigongane. Lazima pawe na kikuza sauti cha santuri kinachoirudisha.

"MP3 inatosha." Ya kutuma kwenye kundi la familia, ndiyo. Ya kuhifadhi, weka WAV, faili la sauti lisilobanwa; IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inapendekeza angalau kilohezi 48 na biti 24, ambapo kaseti ya dakika 60 hula kama gigabaiti moja. Weka nakala sehemu zaidi ya moja. Na kaseti usiitupe.

La mwisho: "fundi mzuri atarudisha kilichofutwa kwa kurekodi juu yake". Hakuna fundi huyo. Nyuma ya kaseti kuna vijino viwili vidogo. Vivunje kabla kaseti haijaingia kwenye mashine yoyote, kitufe chekundu kitagoma. Vya kaseti ya mjomba havikuwa vimevunjwa. Upande wa pili, dakika ya kumi na mbili, anasema, "Na wewe mwanangu, nilitaka kukwambia..." Kisha tak. Mtangazaji wa redio anasema mpira umetoka nje, unarushwa.