Mashariki ya Kati: usiniulize kama kuna uchaguzi, niulize nani anaengua

Nikimwambia mtu kazi yangu ni kusoma mifumo ya siasa ya Mashariki ya Kati, swali la kwanza ni lilelile, "kwani kule kuna demokrasia?", alafu anakaa anasubiri nimjibu ndio au hapana. Siku hizi sijibu hivyo. Nchi nyingi za kule zina uchaguzi wa aina fulani, masanduku yapo, mabango yapo, foleni zinapigwa picha, kwa hiyo ukihesabu chaguzi peke yake hutajua kitu. Mi naangalia sehemu mbili: nani anaweza kukuengua kabla ya kura, na ukishinda, nani anaweza kukuweka benchi na ushindi wako mkononi.

Tuanze na Iran maana pale mchujo haujifichi, umo kwenye katiba kabisa. Kuna Baraza la Walinzi wa Katiba, watu 12. Sita ni wanazuoni wa sheria ya dini, wanateuliwa moja kwa moja na Kiongozi Mkuu, yule kiongozi wa dini aliye juu hata ya rais. Sita wengine ni wanasheria, majina yao yanapelekwa bungeni na mkuu wa mahakama, na huyo mkuu wa mahakama naye kateuliwa na nani? Na Kiongozi Mkuu. Sasa fuata huo mzunguko: Baraza hili ndo linapitisha wagombea wa urais, wa ubunge, na hata wa Baraza la Wataalamu, lile lenye kazi ya kumchagua Kiongozi Mkuu na kumsimamia. 2021 walijiandikisha watu 592 wakitaka urais, wakapita 7. 2024, baada ya Rais Ebrahim Raisi kufa kwenye ajali ya helikopta, wakajiandikisha 80, wakapita 6. Na usidhani wanaokatwa ni wababaishaji tu, Rafsanjani alishakuwa rais mihula miwili na bado akaenguliwa 2013, Ahmadinejad, rais mwingine wa zamani, naye ilimkuta zaidi ya mara moja, na Rouhani, naye rais wa zamani, aliyekaa kwenye Baraza la Wataalamu tangu 1999, mwanzoni mwa 2024 akaambiwa hana sifa za kugombea tena humohumo.

Ila wale wanaosema uchaguzi wa Iran ni maigizo matupu siwaungi mkono. Ukishavuka mchujo ushindani unaweza kuwa wa kweli, Pezeshkian na Jalili kwenye duru ya pili Julai 2024 walitofautiana waziwazi, kuanzia mazungumzo na nchi za Magharibi mpaka suala la hijabu, na Pezeshkian akashinda. Wananchi nao wana njia yao ya kujibu mchujo, wanabaki nyumbani. Duru ya kwanza mwaka huo waliojitokeza walikuwa kama asilimia 40 tu.

Iraq ni kinyume chake. Kabla ya kura mambo yako wazi kiasi, vyama ni vingi mpaka vinachanganya, shida inaanza matokeo yakishatoka. Machi 2010 muungano wa Ayad Allawi ulipata viti 91, wa Nouri al-Maliki, waziri mkuu wa wakati huo, 89. Katiba, ibara ya 76, inasema waziri mkuu anatoka kwenye kundi kubwa zaidi bungeni, kwa hiyo ungesema kazi imeisha, Allawi aunde serikali. Siku hizohizo Mahakama Kuu ya Shirikisho ikatoa tafsiri: kundi kubwa linaweza pia kuwa lile linaloundwa na wabunge baada ya uchaguzi. Basi vyama vya Kishia vikaungana, mazungumzo yakaenda mpaka mwisho wa mwaka, na Maliki akabaki kwenye kiti chake. Kwangu mimi hiyo tafsiri imeunda siasa za Iraq kuliko uchaguzi wowote uliofuata, kwa sababu kila chama kilielewa kwamba kushinda ni tiketi tu ya kuingia kwenye mazungumzo.

2021 ikajirudia kwa sura nyingine. Kundi la shehe wa Kishia Muqtada al-Sadr likaongoza kwa viti 73 kati ya 329, akatafuta washirika Wasunni na Wakurdi, akataka serikali ya walio wengi badala ya ule mtindo wa kila mtu agawiwe wizara. Februari 2022 mahakama ikasema kumchagua rais lazima theluthi mbili ya wabunge wawepo ukumbini, na bila rais hakuna wa kumpa mtu kazi ya kuunda serikali. Wapinzani wake wakawa hawaingii, akidi (idadi ya wabunge inayotakiwa ukumbini) haitimii, kikao kinavunjika. Juni Sadr akakasirika akawaambia wabunge wake wote 73 wajiuzulu, na kwa sheria ya uchaguzi viti vikaenda kwa waliowafuatia kwa kura, wengi wao wakiwa ni wa kambi ileile iliyokuwa inamkwamisha! Oktoba 2022 wakaunda serikali ya waziri mkuu Mohammed Shia al-Sudani. Aliyeongoza uchaguzi akaishia nje kabisa.

Silaha ya akidi hata Lebanon wanaijua vizuri sana. Kule rais ni Mkristo wa kanisa la Maroni, waziri mkuu Msunni, spika Mshia, ni makubaliano ya 1943, na viti 128 vya bunge vinagawanywa nusu kwa nusu kati ya Wakristo na Waislamu tangu mkataba wa Taif wa 1989. Sensa rasmi ya mwisho ni ya 1932, na hakuna anayetaka kuhesabu upya maana idadi ikijulikana mgao wote unayumba. Rais Michel Aoun alipoondoka Oktoba 2022 nchi ikakaa zaidi ya miaka miwili bila rais, vikao 12 vikapita patupu, wabunge wanapiga duru ya kwanza alafu wanatoka nje ili akidi ya 86 isitimie kwenye ya pili. Joseph Aoun kapatikana tarehe 9 Januari 2025.

Kuwait sitakaa sana. Wabunge 50 walikuwa na meno kweli, wanamwita waziri hata kama ni wa ukoo wa Al Sabah unaotawala wanamhoji hadharani, ndo maana Mei 2024 Amiri, yaani mtawala wa nchi, akalivunja bunge lililochaguliwa mwezi mmoja kabla, halijakaa hata kikao, na kusimamisha baadhi ya ibara za katiba kwa muda usiozidi miaka minne. Falme za Kiarabu zenyewe zinamchuja mpaka mpiga kura: nusu ya baraza la watu 40 inachaguliwa, lakini na watu ambao majina yao yamepangwa na watawala.

Na kwa kipimo hikihiki ndo naitazama Syria. Oktoba 2025 walifanya uchaguzi wa kwanza wa bunge tangu Rais Bashar al-Assad aangushwe: viti 210, theluthi moja anateua rais wa mpito al-Sharaa, vilivyobaki vinapigiwa kura na kamati za maeneo, sio na wananchi wote. Hoja yao ni kwamba mamilioni wamehama na wengi hawana hata kitambulisho, daftari la wapiga kura litatoka wapi. Hoja ina uzito, sibishi. Ninachosubiri kuona ni kama uchaguzi ujao hizo kamati zitaondolewa, au zitakuwa zimeshazoea kazi.