Bunduki ya zamani usiisugue msasa

Kila kampeni ya kusalimisha silaha kwa hiari ikitangazwa, huku Tanga tunaanza kuonyeshwa bunduki za zamani zimesuguliwa msasa mpaka zinang'aa kama sufuria jipya, na aliyeileta anasema ameisafisha. Jamani, hapo umeiharibu. Msasa unakula namba, mihuri ya kiwanda na ule weusi wa chuma ambao ndio kinga yake, na namba ikishafutika sisi wa makumbusho hatujui tena ilitoka wapi, na polisi lazima wakuulize imefutwa na nani.

Kwanini zipo huku, historia inajulikana. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi Raskazone, wakashindwa, wakaacha silaha ambazo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliandika kuwa zilitosha kompania zaidi ya 3, pamoja na risasi 600,000. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, zenye tundu la mtutu la mm 11, zile zenye baruti ya moshi. Mauser 98 ya Wajerumani ni mm 7.92, Lee-Enfield ya Waingereza ni mm 7.7, kwahiyo brashi ya kusafishia mtutu wa moja usiilazimishe kwenye nyingine.

Kwa mwenye leseni, Lee-Enfield vifaa vyake vya kusafishia vinakaa humo humo kwenye kitako, fungua kile kifuniko kidogo cha nyuma utakuta kichupa cha mafuta na kamba yenye kipande kizito cha shaba. Kipande kinadondoshwa kuanzia nyuma kwenye chemba, pale risasi inapokaa, kinatokea mdomoni mwa mtutu, halafu unavuta kwa kunyoosha, maana kamba ikisugua upande mmoja wa mdomo inakula chuma na shabaha inapotea. Kamba ina vitanzi vitatu, kimoja cha kitambaa cha flaneli cha inchi 4 kwa 2, kimoja cha wavu wa waya, na kimoja ni cha kuichomolea ikikwama ndani. Kamba ya enzi hizo ikishaoza usiivute, itunze tu, tumia mpya.

Kwa mwenye leseni anayeipiga, hapa ndipo watu wanatuchosha kwa ubishi wa kusafisha mtutu kwa dizeli au mafuta ya taa. Fataki za risasi za zamani, yaani kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, zina potasiamu kloreti, ikilipuka inaacha potasiamu kloraidi, ambayo ni chumvi, inavuta unyevu na hewa yetu ya pwani ndio inamalizia, asubuhi kutu ipo. Mafuta hayayeyushi chumvi, maji ndio yanayeyusha. Wanajeshi wa Uingereza walimimina maji ya moto kwa faneli maalum, wanakausha kabisa, ndipo mafuta yanafuata. Mafuta ni mwisho, sio mwanzo.

Sasa utaratibu, naomba usomwe taratibu. Ukikuta bunduki shambani, darini au kwenye msingi wa nyumba, usiiguse, usiifungue, usiisafishe hata kwa kitambaa. Toa taarifa polisi au kwa mtendaji, onyesha mahali ilipo, subiri wao waichukue, sisi wa makumbusho tunaitwa baada ya wao kuikagua. Kipindi cha msamaha unasalimisha bila kushtakiwa kwa kuwa nayo, msamaha ukiisha umeisha, inabaki Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kesi za silaha bila leseni zinaweza kuingia kwenye uhujumu uchumi, huko ni kifungo cha miaka mingi. "Ni ya babu" sio leseni, na leseni ya marehemu haikufanyi wewe kuwa mmiliki.

Wenye leseni msizifunge kwenye mikoba ya ngozi, ngozi inashika unyevu. Shika chuma kwa glavu, jasho nalo ni chumvi. Na vile vichupa, kamba na fimbo za chini ya mtutu msiwauzie watu wa skrepa, vileteni pamoja na bunduki yake.